Spora moja ya hamira ya pombe ya mtama inatoa tena spora nne, huu ni uchafu au kuna kitu sikijui?

Binti_wa_Igoma
Habari za humu wakuu, naombeni msaada maana wiki ya tatu hii silali vizuri. Nipo mwaka wa tatu, chuo hapa hapa Mwanza, projekti yangu ni hamira za asili zinazochachusha pombe ya mtama. Kuna mama mmoja anapika njia ya Kisesa, alinipa machicha ya chini ya mtungi nikayabeba kwenye chupa ya maji hadi maabara, nikapanda kwenye agari (ile jeli ya kuoteshea) nikapata makoloni meupe mazuri, seli za duara zinachipua pembeni kama kawaida ya Saccharomyces cerevisiae. Hadi hapo sina shida.

Nilichotaka ni haploidi, yaani seli zenye seti moja tu ya zile kromosomu 16, ili nizipandishe zenyewe kwa zenyewe nione uvumilivu wa joto unarithiwaje. Kwahiyo nikazishindisha njaa kwenye asetati ya potasiamu siku tano, zikatengeneza vile vifuko vyenye spora nne nne, nikaweka enzimu ya kula ukuta wa kifuko, nikapasha nyuzi 55 ili seli ambazo sio spora zife, nikatikisa mpaka mkono ukauma, nikazimua nikamwaga kwenye sahani. Nikachukua makoloni 20 yaliyokaa mbali mbali, kila moja kwa hesabu yangu imetoka kwenye spora moja.

Sasa vitabu vyote vinasema spora ni haploidi, ina jinsia moja, ama a ama alfa, na haploidi hata uishindishe njaa vipi haitoi spora. Nikasema ngoja nihakikishe, nikazirudisha zote kwenye njaa nikitegemea nisione kitu. Zote 20 zina vifuko vya spora nne!! Nimekaa kwenye hadubini toka saa nane mpaka mlinzi anagonga mlango, sahani ya kwanza, ya pili, ya tisa, kila nikisogeza lensi naona vifuko. Msimamizi kaniambia nimechafua, rudia. Nimerudia na maji mapya na agari mpya, majibu yale yale. Kama ni uchafu mbona unafanana hivyo kila mara? Naombeni mnielekeze jamani, muda wa kuwasilisha unakuja.

Kirumba_Sokoni
Pole dada. Mi naona spora zako zimeshikana. Zile za kifuko kimoja zinanata sana hata ukiweka enzimu, unadhani umepanda moja kumbe zimekaa mbili, a na alfa, zikiota tu zinaungana hapo hapo unapata diploidi, yaani seli yenye seti mbili za kromosomu. Tikisa na shanga za kioo, au kama chuo wana mashine ya mawimbi ya sauti zipitishe humo zitengane. Msimamizi wako anaweza kuwa sahihi kwamba tatizo ni mbinu.

Mzee_wa_Hadubini
Binti wa Igoma, usirudie mara ya tatu. Hujachafua.

Kirumba_Sokoni hoja yako ni ya kweli, spora hunata, ila hebu tupige hesabu kidogo. Kwenye kifuko spora mbili ni a na mbili ni alfa. Ukizichukua mbili zilizoshikana bila kuchagua, mara moja kati ya tatu zitakuwa za jinsia moja, na hizo zisingeungana, zingebaki haploidi. Kwahiyo hata kama makoloni YOTE 20 yangetokana na spora mbili mbili zilizonatana, bado kama sita au saba hivi yasingetoa vifuko. Yeye kapata 20 kwa 20, tena mara mbili. Huo sio mnato, hiyo ndio tabia ya hamira yenyewe. Hamira yako inabadili jinsia.

Naomba nieleze taratibu maana hili jambo nalipenda kupita kiasi, nimelifundisha miaka mingi na bado kila nikilieleza nashangaa upya.

Jinsia ya hamira inakaa sehemu moja kwenye kromosomu ya 3, panaitwa MAT. Pakiwa na maandishi ya a, seli inakuwa a, inatoa feromoni (kemikali ya kuitana) ya a na inasikia feromoni ya alfa. Pakiwa na maandishi ya alfa ni kinyume chake. Hakuna dume wala jike hapa, zote zina umbo lile lile na ukubwa ule ule, ni a na alfa basi. Sasa kwenye kromosomu hiyo hiyo, karibu na ncha ya kushoto, kuna nakala kamili ya alfa, panaitwa HML, na upande wa kulia karibu na ncha nyingine kuna nakala kamili ya a, panaitwa HMR. Kutoka MAT kwenda HML ni kama herufi 200,000 za DNA, kwenda HMR kama 100,000. Hizo nakala mbili zipo ila zimefungwa, kuna protini zinaitwa Sir zimezizungushia DNA ikabanwa kiasi kwamba hakuna mashine ya seli inayoweza kuzisoma.

Wanaokumbuka vibanda vya kudabu nyimbo, pale Mlango Mmoja na kwingine, wataelewa haraka. Jamaa ana kaseti mama mbili kabatini, hizo haziguswi. Kwenye deki kuna kaseti ya tatu, ndiyo inayopiga na mtaa mzima unasikia. Akitaka kubadilisha anafuta kipande cha ile ya kwenye deki anadabu upya kutoka kabatini, kaseti mama inabaki kama ilivyokuwa. Na wataalamu wenyewe waliliita hivyo hivyo, modeli ya kaseti, Hicks, Strathern na Herskowitz mwaka 1977, wakijenga juu ya wazo la Oshima na Takano wa Japani la 1971.

Anayefuta ni enzimu inaitwa HO. Inatafuta neno lenye herufi kama 24 hapo MAT na inakata DNA nyuzi zote mbili, kabisa. Kwa seli hiyo ni hatari kubwa, kromosomu imekatika, lazima iziunge haraka, na ili iunge inatafuta kipande kinachofanana na pale pembeni pa mkato ikinakili. Kinachofanana ni HML au HMR. Ikinakili HML imekuwa alfa, ikinakili HMR imekuwa a. Neno lile lile la kukatwa lipo HML na HMR pia, ila HO haiwezi kulifikia kwa sababu ya ule mfungo wa Sir. Hapa ndipo mimi huwa nasimamisha somo kidogo niwaache wanafunzi wakae nalo.

Sasa kwanini vitabu vimekuchanganya: hamira nyingi za maabara HO yao imeharibika, ndio maana zinaandikwa ho kwa herufi ndogo. Zile spora zao zikiwa a zinabaki a miaka yote. Waandishi wanaandika kwa kuangalia hizo. Hamira uliyoichukua wewe kwenye mtungi HO yake ni nzima.

Binti_wa_Igoma
Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu nimetokwa na machozi, sio utani, maana nilishaanza kujiona sina mkono wa maabara. Ila nina maswali, nisamehe yakiwa ya kitoto.

Moja, kama spora inabadilika kuwa alfa halafu wajukuu wote wakawa alfa, bado itakosa wa kuungana naye. Inakuwaje koloni lile lile liwe na a na alfa? Pili, HO ikishakata ikaenda kunakili, inajuaje ichukue kaseti ya jinsia nyingine na sio ile ile iliyokuwa nayo? Na tatu, wakishaungana mbona hawaendelei kukatana tena na tena?

Mzee_wa_Hadubini
Marahaba mwanangu. Hayo sio ya kitoto, watu walifanya kazi ya maisha yao kwa maswali hayo hayo.

La kwanza. HO haiwaki kwa kila seli, inawaka kwa seli iliyowahi kuzaa tu. Spora ikiota inachipua binti wa kwanza, hapo wote bado a. Raundi ya pili mama anajibadili KWANZA kabla hajanakili DNA yake, kwahiyo yeye na binti wake wa pili wote wanatoka alfa. Yule binti wa kwanza kwa kuwa hajawahi kuzaa HO yake imezimwa, anabaki a na mtoto wake a. Zikiwa seli nne tu pale, mbili a na mbili alfa, zimegusana. Zinanusana kwa feromoni zinaungana.

Binti anajuaje kuwa ni binti, utaniuliza. Mama anatengeneza ujumbe wa RNA wa protini inaitwa Ash1, halafu kuna protini mota inaubeba ule ujumbe ikitembea juu ya nyuzi za aktini mpaka kwenye ncha ya kipukizi, kama guta linavyobeba magunia kutoka sokoni mpaka mlangoni kwa mwenye mzigo. Protini inatengenezwa huko huko kwa binti, na kazi yake ni kuizima HO. Mama anabaki bila. Haya yalijulikana kati ya 1996 na 1997, na yalifungua macho ya watu hata wanaosoma viinitete vya wanyama, kwamba seli mbili zenye DNA moja zinaweza kutofautishwa kwa kupeleka ujumbe upande mmoja.

La pili. Seli ya a inachukua HML kama mara tisa kati ya kumi, ingawa HMR iko karibu zaidi. Kuna kipande kidogo cha DNA mkono wa kushoto kinachoufungua mkono mzima uwe rahisi kunakiliwa. Kwenye seli ya alfa, protini ya alfa2 inakizima kile kipande, mkono wa kushoto unapoa, na seli inakwenda kulia. Kwahiyo sio bahati nasibu.

La tatu ni fupi. Wakishaungana, seli ina protini ya a1 kutoka upande wa a na ya alfa2 kutoka upande wa alfa kwa pamoja, zinashikana zikawa kitu kimoja kinachozima jeni zote za haploidi, HO ikiwemo. Amani inarudi. Na seli hiyo sasa ikishinda njaa inaruhusiwa kutoa spora, ndicho ulichokiona wewe.

Ila usiniamini mimi, kaangalie. Kata kipande chembamba cha agari weka kwenye slaidi, dondoshea spora zilizozimuliwa sana, tafuta iliyo peke yake kabisa, weka alama. Hifadhi slaidi kwenye sahani yenye pamba iliyolowa maji isikauke, uwe unarudi kila saa. Kuota kutachukua masaa, jipange na chai. Halafu fanya PCR ya MAT, yaani kunakili kipande hicho cha DNA mara nyingi mpaka kionekane, kwa praima tatu (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili), ile ya kawaida, moja imekaa nje kidogo ya MAT ili usinase nakala za HML na HMR, ya pili inashika alfa na ya tatu inashika a. Alfa inatoa bendi (mstari kwenye jeli) ya herufi 404, a inatoa ya 544. Haploidi itakupa bendi moja. Zako nategemea zikupe zote mbili.

Mwl_Sengerema
Naomba kuingilia, mimi nafundisha baiolojia sekondari upande wa pili huku. Mwanafunzi wangu akiniuliza kama hii ni mutesheni nimjibu nini? Maana DNA imebadilika kweli pale MAT, herufi mamia zimetoka zikaingia nyingine. Na walijuaje kwamba kuna nakala zimefichwa, kabla hata ya kusoma DNA yenyewe?

Mzee_wa_Hadubini
Mwalimu, swali la pili linajibu la kwanza. Walichukua seli ya alfa ambayo MAT yake imeharibika kwa mutesheni, haiwezi kuungana na mtu, tasa. Wakaiacha ibadilike kuwa a. Ikawa a nzima. Wakaiacha irudi alfa. Ikarudi alfa NZIMA, ule ubovu haupo tena! Sasa kama jinsia ingekuwa ni swichi ya kugeuza kwenye maandishi yale yale, ubovu ungerudi nao. Haukurudi kwa sababu maandishi yaliyoingia yalitoka kwingine, kwenye nakala safi, na yale mabovu yalitupwa. Walifika hapo kwa kupandisha seli na kuhesabu makoloni tu, kromosomu ya 3 ilikuja kusomwa yote mwaka 1992, ya kwanza kwa kiumbe chochote chenye kiini.

Kwahiyo mwambie kijana sio mutesheni kwa maana ya kosa. Mutesheni haijui inakwenda wapi, hii inajua, na inarudi.

Ukerewe_Kisiwani
Mmenikosha sana na huu uzi. Naongeza kidogo tu, dada Binti wa Igoma hakikisha na makoloni mengine ya mtungi ule, usiishie hayo ya duara. Pombe zetu za nafaka zinaweza kuwa na hamira nyingine, seli zake ni kama vijiti na hazichipui, zinajigawa katikati kama unavyokata muhogo. Hiyo ni Schizosaccharomyces pombe. Ndio, POMBE, neno letu. Mjerumani Lindner aliitoa kwenye pombe ya mtama ya Afrika Mashariki akaiandika kwa jina hilo mwaka 1893, na leo maabara za dunia nzima zinaitamka. Paul Nurse alitumia hiyo hiyo kusoma mgawanyiko wa seli, akapata Nobeli 2001. Mimi nilipojua hili nikiwa mwanafunzi nilijisikia tofauti kabisa kukaa kwenye lile darasa.

Na yenyewe inabadili jinsia lakini kwa njia yake. Jinsia zake ni P na M, kaseti inayopiga inaitwa mat1 na za kabatini ni mat2 na mat3. Haina HO. Inaweka alama kwenye uzi mmoja wa DNA pale mat1, na raundi inayofuata DNA ikinakiliwa alama ile ndio inaleta mkato. Kwahiyo kati ya wajukuu wanne wa seli moja ni mmoja tu anabadilika. Hamira mbili hizi ziliachana zamani mno na kila moja ikatengeneza kabati lake la kaseti, hilo ndilo linaniweka macho usiku.

Kirumba_Sokoni
Mzee nimeelewa hesabu ya moja kwa tatu, nakubali nilikosea. Swali la upembeni, hizi hamira za pakiti za maandazi nazo zinabadilika hivi? Dada yangu anauza maandazi nataka nijaribu.

Mzee_wa_Hadubini
Za pakiti nyingi tayari ni diploidi au zina seti zaidi ya mbili, HO imezimwa, na nyingine zinatoa spora kwa shida. Tumia ya mtungi utaona haraka.

Binti_wa_Igoma
Wakuu nimerudi. PCR kwanza: makoloni yote 20 yametoa bendi mbili, 404 na 544, safi kabisa, mistari miwili miwili kama reli. Hamira ya maabara ya alfa niliyoweka kulinganisha imetoa ya 404 peke yake. Kwahiyo sio mimi niliyechafua.

Ila kilichonishika ni slaidi. Nilitafuta spora zilizo peke yake nikapata kumi na moja, saba ziliota. Nilikaa nazo toka saa moja asubuhi. Kama saa saba mchana moja ikachipua, kidoti pembeni, kikakua. Baadae zikawa mbili, halafu mama akachipua tena, na binti naye nyuma yake kidogo. Zikawa nne zimebanana kama mayai kwenye kiota. Nikaenda kunywa maji nikarudi nikakuta mbili zimeacha kuchipua, zimechongoka kila moja imenyoosha pua kuelekea kwa mwenzake. Sikuondoka tena. Kuta zikagusana, mpaka wa katikati ukapotea, ikabaki kitu kimoja chenye kiuno, kama karanga yenye punje mbili ndani ya ganda lake, na baadae kipukizi kikatokea pale pale kiunoni. Kati ya zile saba nimeiona karanga kwenye tano. Nilimuita msimamizi aje aangalie, akainama kwenye lensi muda mrefu bila kusema kitu, alivyoinuka akasema tubadilishe kichwa cha habari cha projekti. Nimefurahi jamani.

Sasa mzee, bado nahitaji haploidi zinazotulia ili nifanye ile kazi ya joto. Nafanyaje?

Mzee_wa_Hadubini
Hongera sana mwanangu, hongera tena. Hiyo karanga yenye kipukizi kiunoni ndiyo niliyokuwa naisubiri, pua kuchongoka ni feromoni imesikika.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuing'oa HO. Unachukua diploidi yako unabadilisha kopi MOJA ya HO kwa jeni ya KanMX inayovumilia dawa ya G418. Halafu unaitoa spora. Kila kifuko spora mbili zitakuwa na KanMX na mbili hazina. Zile zinazokua kwenye G418 ndio haploidi zako, zitabaki a au alfa hivyo hivyo. Zisizokua kwenye dawa HO yao ni nzima, zitajioa zenyewe kama ulivyoona. Na PCR yako ya bendi mbili inakuthibitishia yote, ile ya G418 lazima itoe bendi moja, ikitoa mbili usiitumie.

Ya pili haina gharama ila inataka mkono na jicho. Weka spora yako ikigusana na seli ya maabara ya ho yenye jinsia tofauti mara tu inapoanza kuota, kabla haijapata binti. Itaungana na hiyo ya maabara badala ya mtoto wake, halafu ukiitoa spora diploidi hiyo, nusu ya spora zitarithi ho mbovu na zitatulia. Shida utakuwa umechanganya ukoo, damu nusu ya mtungini nusu ya maabara, kwa kazi ya joto inaweza kukusumbua kutafsiri. Mimi ningeenda na ya kwanza.

Binti_wa_Igoma
Naenda na ya kwanza. G418 hapa chuo imeisha, kuna aliye nayo Mwanza? Hata kidogo tu ya sahani kumi, na plasmidi (duara dogo la DNA) yenye KanMX pia kama ipo.

Mzee_wa_Hadubini
Vyote viwili vipo kwenye friza langu. Nitumie meseji pembeni nikuelekeze. Njoo Alhamisi asubuhi kabla ya saa nne, uje na kopo lenye barafu na kifuniko kinachobana, na yale makoloni matatu yaliyochachusha haraka kuliko mengine, tuyaangalie kwanza pamoja kabla hujachagua la kung'oa HO.

Ukerewe_Kisiwani
Na vile vijiti ukiviona kwenye machicha usivitupe dada, niwekee sahani moja. Nakuja mjini na meli ya Ijumaa.